Neno la Aliyebeba Mzigo



Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la maofisini kuliko la kanisani, nalo ni namna watu wanaofanya kazi pamoja wanavyosemezana. Tunasema kwa mtazamo wa kwanza, kwa maana parokia nayo ni mahali pa kazi. Ina katekista, karani, mhasibu, mlinzi, masista wa zahanati, walimu wa chekechea, halmashauri ya walei, viongozi wa kwaya na wa jumuiya ndogo ndogo. Watu hawa hukutana, hupanga na hukubaliana, kisha mara nyingi hutoka kikaoni kila mmoja akiwa amesikia la kwake. Na ninyi mnaotusoma mna kazi zenu: shuleni, hospitalini, reli, halmashauri ya wilaya, chama cha ushirika cha tumbaku. Hatudhani kwamba huko hali ni tofauti sana.

Imeenea desturi ya kumwita mwezeshaji aje kuwafundisha wafanyakazi mitindo ya mawasiliano. Washiriki hujaza dodoso, kisha huambiwa kwamba huyu ni mtu wa amri, yule ni mtu wa kupendana na watu, wa tatu ni mtulivu, wa nne ni mtu wa uangalifu na takwimu. Sehemu kubwa ya mafunzo ya namna hii inatokana na kitabu cha mwaka 1928 cha mwanasaikolojia Mmarekani, William Moulton Marston, aliyeigawa mienendo ya watu katika mafungu manne. Waliokuja baada yake ndio waliotunga madodoso. Hatuyabezi mafunzo hayo. Mhasibu akigundua kwamba mwenzake anayemuuliza maswali kumi hamtuhumu wizi, bali ndivyo akili yake inavyotembea, amani fulani imepatikana, nayo imestahili chai na maandazi ya siku ile.

Hata hivyo tunaona kasoro, wala si ndogo. Dodoso humuuliza mtu yeye ni wa namna gani, lisimuulize ni nani anayeruhusiwa kusema pale anapofanyia kazi. Kwetu sisi, anayenyamaza kikaoni si lazima awe mtulivu kwa tabia. Mfuateni baada ya kikao hadi chini ya mwembe, mtamkuta ni msemaji hodari, ana hoja, ana mifano, na anajua hasa kwa nini mpango uliopitishwa dakika kumi zilizopita hautafanikiwa. Kilichomfunga ulimi ni umri wake, au cheti chake, au mshahara wake, au kwamba aliyetoa hoja ni mtu anayempa shikamoo kila asubuhi. Tunajua sote kwamba "ndiyo" yetu ina maana nyingi. Inaweza kumaanisha nimekusikia, au nakuheshimu, au tumalize tukale. Mara nyingine humaanisha nakubali. Kiongozi asiyezitofautisha hizo atarudi nyumbani akifurahia umoja ambao haupo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kundi la kazi halinufaiki sana kwa kupewa majina ya tabia, likiwa halijatengenezewa mahali na wakati ambapo yule aliyebeba mzigo anaweza kusema, tena kwa namna yake, neno lake likafika mbele. Nasi watu wa Tabora tunayo shule ya jambo hili iliyotangulia semina zote.

Shule hiyo ni njia ya misafara. Anayetembea leo mitaa ya Tabora, chini ya miembe ya kale, anatembea mahali ambapo katika karne ya 19 njia ziligawanyika: moja kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ile ya kurudi Bagamoyo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kitu kilipita juu ya mabega na vichwa vya watu, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi pamoja na vyombo vyake mwenyewe, akatembea miezi. Tusije tukaipamba njia ile kupita kiasi. Ilipitisha pembe za ndovu na vitambaa, ikapitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hao hakuna aliyewauliza neno. Tunazungumza hapa juu ya wapagazi waliokwenda kwa ujira.

Msafara wa mamia ya watu, wa lugha mbalimbali, wenye njaa na kiu, usingeweza kufika popote bila taratibu za kusemezana. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, wala haikuruhusiwa mtu kumpita. Ngoma ilisema wakati wa kuondoka na wakati wa kutua. Jioni watu waliketi kwa makundi madogo ya wanaopika pamoja, na katika kila kundi lilizungumzwa lile ambalo mchana halikuweza kuzungumzwa: maji yako wapi, posho inatosha au haitoshi, nani ameumia mguu, mwendo wa kesho usiwe mrefu. Kisha kirangozi alisimama akatangaza shauri la kesho, na waliosikia waliitikia kwa sauti. Wapagazi walipoona wamedhulumiwa waliweka mizigo chini wakakaa, na pasipo makubaliano mzigo haukuinuka. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya waliopita hapa, tangu Burton na Speke waliofika mwaka 1857, vimejaa malalamiko kwamba wapagazi ni wakaidi na watoro. Sisi tukivisoma leo hujiuliza ni mara ngapi kabla ya utoro huo neno lilikuwa limekwisha kusemwa kwenye moto wa jioni, na mwenye mali hakuwa na mtu wa kumletea.

Kuna neno moja linaloeleza vizuri kilichopotea. Katika Unyamwezi, banyampala walikuwa wazee, washauri wa mtemi, na viongozi wa watu safarini. Kiswahili kililichukua neno hilo, likawa mnyapara, na leo msomaji akilisikia humwona msimamizi wa vibarua mwenye fimbo, au kiongozi wa wafungwa gerezani. Mshauri amegeuka msimamizi. Mabadiliko hayo ya neno yametokea pia katika ofisi nyingi bila mtu yeyote kubadili neno.

Sasa tuseme habari ya msafara mmoja, kwa kuwa tunaufahamu kwa undani kuliko mingi. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, alifariki David Livingstone. Msafara wake ulikuwa umeandaliwa hapa kwetu. Alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, miezi kadhaa ya mwaka 1872, akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani, na tarehe 25 Agosti wakaondoka. Alipofariki walibaki watu sitini hivi, wala hawakuwa wa namna moja. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Hao wawili walikuwa na miaka mingi ya safari. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa vijana waliookolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, nchini India, naye alijua kuandika Kiingereza. Farijala aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar. Walikuwemo wanawake, Halima na Ntaoeka miongoni mwao. Ukiwagawia dodoso watu hawa ungepata mafungu yote manne na mengine ambayo Marston hakuyawaza.

Mzungu mwenye amri amekufa, fedha hakuna, pwani iko mbali zaidi ya kilomita 1,600. Walifanya nini? Susi na Chuma waliwaita watu wote. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya kila mtu, Jacob akaandika orodha ya vitu vyote, ili asije mtu baadaye akasema kimeibwa hiki au kile. Ndipo watu wenyewe waliposema kwamba hao wawili, kwa kuwa ndio wakongwe wa njia, wawe wakuu wao, nao watawatii. Tunaomba msomaji autazame mpangilio huo. Kwanza walikusanyika wote, kisha mambo yakawekwa wazi, kisha kiongozi akakubaliwa, kisha kila mmoja akapewa kazi kulingana na alichokijua: Farijala kuushughulikia mwili, Jacob kuandika na kusoma sala za mazishi pale moyo ulipozikwa chini ya mti, wengine kujenga na kulinda. Hakuna aliyeambiwa awe mtu mwingine. Aliyejua kuandika aliandika, na aliyejua kusema na watemi alikwenda kusema.

Hata hivyo hawakuwa malaika. Waliogopa kwamba Chitambo akisikia kuna maiti atawatoza faini kubwa, wakaamua kumficha. Walimwomba tu mahali pa kujenga nje ya kijiji. Chitambo aliipata habari hata hivyo, kama ambavyo wenyeji huzipata habari zote, akaja kuwalaumu: kwa nini hawakumwambia ukweli? Yeye naye amewahi kusafiri, anajua kwamba msafiri anaweza kufia njiani. Kesho yake alikuja na watu wake kuomboleza kwa heshima zote. Hofu iliwafanya wamhesabie ukali ambao hakuwa nao. Tumeona mara nyingi jambo kama hilo katika sehemu za kazi: habari mbaya hufichwa wiki tatu kwa kumwogopa mkuu, na ikishafumuka, mkuu huumizwa na kufichwa kuliko na habari yenyewe. Lakini tuwe waadilifu kwa pande zote mbili. Si kila mkuu ni Chitambo. Wapo ambao hofu ya walio chini yao imefundishwa, tena kwa bidii, na wao wenyewe, kwa kumkemea mbele za watu kila aliyeleta habari mbaya. Huyo asilalamike kwamba haambiwi.

Msafara ulielekea kaskazini, wagonjwa wengi njiani. Walipokaribia Unyanyembe, Chuma na wenzake wachache walitangulia wakiwa na barua iliyoandikwa na Jacob, na tarehe 20 Oktoba 1873 walimkuta hapa Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron, aliyekuwa hoi kwa homa, aliwashauri wauzike mwili hapa hapa, kwa kuwa njia ya kwenda pwani ina hatari na watu wa njiani huogopa maiti. Ushauri haukuwa wa kipumbavu. Alikuwa afisa wa jeshi la maji la Uingereza, Mzungu, na mwakilishi wa wale ambao wao walitarajia kulipwa nao. Walimsikiliza, kisha wakakataa. Mwili ulikuwa umekubaliwa kupelekwa pwani, basi ungekwenda pwani.

Hapo ndipo tunaposimama muda mrefu zaidi katika habari hii. "Hapana" ile haikuwa tabia ya mtu mmoja jasiri. Tunaamini iliwezekana kwa sababu ya mkutano ule wa Mei. Kila mmoja alikuwa amesikia shauri lilivyofanyika na alikuwa amelikubali mbele ya wenzake, basi Chuma na Susi walipomjibu Mzungu walijua kwamba nyuma yao wapo watu sitini, wala si watu sitini watakaosema baadaye kwamba wao hawakuulizwa. Waliompinga mkubwa kwa heshima waliweza kufanya hivyo kwa kuwa walikuwa wameshasemezana wao kwa wao. Kinyume chake ndicho tunachokiona kila mara: mkuu anatoa wazo lisilofaa, watu ishirini wanajua halifai, na kila mmoja wa hao ishirini anadhani yuko peke yake.

Baadaye kidogo, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Wapagazi wakatangaza kwamba wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Walifunga mabua ya mtama kwa sanda mfano wa maiti, watu wachache wakaondoka nao kwa huzuni ya kuonekana, wakayatupa mabua porini usiku, wakarudi mmoja mmoja. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa upya mfano wa mtumba wa nguo. Hila ya namna hiyo ingevunjwa na mtu mmoja tu asiyeelewa, au mmoja mwenye kinyongo. Haikuvunjwa.

Msomaji anaweza kutuambia kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba uhai wa mtu hautegemei kikao cha parokia. Twende basi Ifakara, mkoani Morogoro. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, hospitali ya Kanisa, ilikuwa moja kati ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Seattle, Manila na New Delhi. Orodha ile ni karatasi moja. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote waliomo chumbani hujitambulisha kwa jina na kwa kazi: daktari mpasuaji, mtoa nusu kaputi, muuguzi. Hutajwa mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, na kila upande unahofia nini. Kabla mgonjwa hajatoka, muuguzi husema kwa sauti kama vifaa na pamba vimehesabiwa vikatimia.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, wagonjwa 3,733 kabla ya orodha na 3,955 baada yake, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yatokanayo na upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hatusemi kwamba kutajana majina peke yake kuliwaponya watu. Orodha ilikumbusha pia dawa za kuzuia maambukizi na vipimo vya oksijeni. Lakini mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa ana wepesi wa kutamka la pili, nalo laweza kuwa: "Daktari, ni mguu wa kushoto." Karatasi ile haikumuuliza muuguzi kama yeye kwa tabia ni mkimya au msemaji. Ilimpa zamu. Tunatamani kila mwezeshaji wa warsha aitafakari tofauti hiyo.

Zamu si wazo geni katika Kanisa. Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliagiza abati awaite ndugu wote kila penye jambo zito, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lile lililo bora zaidi. Katika Sinodi iliyokutana Roma mwezi Oktoba 2023 na Oktoba 2024, makardinali, maaskofu, watawa na walei, wanawake kwa wanaume, waliketi meza za mviringo. Kila mmoja alisema kwa muda wake bila kukatizwa, wakanyamaza na kusali, na katika duru ya pili kila mmoja alieleza kilichomgusa katika maneno ya wengine, kabla ya kutafuta kwa pamoja walichokubaliana. Wapo waliolalamika kwamba utaratibu ule ni wa polepole. Ni kweli ni wa polepole. Kikao kinachomalizika haraka kwa kuwa wamesema watatu kitalipwa muda huo baadaye, chini ya mwembe, tena kwa riba.

Tuna chombo kingine ambacho hakimo katika dodoso lolote, nacho ni utani. Wanyamwezi wana watani wengi katika makabila ya njia ya pwani, Wazaramo wakiwa miongoni mwao, na wachunguzi wa mila wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya utani huo ilikuzwa na kukutana kwa watu safarini. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani, wakati wote wamenyamaza kwa heshima, mtani ndiye anayeweza kusema kwamba marehemu alikuwa mchoyo, watu wakacheka, na ukweli ukawa umesemwa bila damu kumwagika. Tumewahi kuona ofisini jambo lililoshindikana vikao vitatu likatatuliwa na mtani mmoja kwa sentensi moja. Ila lazima tuongeze tahadhari: utani ni wa pande mbili. Mkuu anayemtania mfagiaji huku mfagiaji hawezi kumrudishia hafanyi utani, anadhihaki, hata kama wote wamecheka.

Basi tufanye nini sisi wa parokia, wa shule na wa zahanati? Hatuna fedha za semina kila mwaka, wala hatuoni kwamba ni msiba. Tungependa kuona kikao ambacho mwenyekiti husema mwisho. Akisema kwanza, amekwisha kufunga mjadala hata kama hakukusudia, kwa maana nani atampinga Baba Paroko au Mwalimu Mkuu aliyekwisha kutoa msimamo? Aanze mdogo kuliko wote, mlinzi au mhudumu, na aulizwe jambo analolijua, wala si "una maoni gani?" ambalo humtia mtu jasho. Mlinzi aulizwe geti linafungwa saa ngapi na nani huja baada ya hapo. Atasema, na kikao kitajifunza. Asiyeweza kusema mbele za watu aruhusiwe kuandika, na asiyeweza kuandika aendewe. Si unyonge kwa kiongozi kumwendea karani wake mezani na kuuliza. Bwana wetu mwenyewe alipofundisha namna ya kumrekebisha ndugu alianza na wawili peke yao, kabla ya mashahidi na kabla ya kanisa.

Wale wanaoandika mihutasari wanalijua fungu la "mengineyo". Ajenda rasmi hupita upesi, mengineyo hufunguliwa wakati watu wameshashika mikoba, na hapo ndipo huanguka lile lililowaleta: mshahara wa katekista haujalipwa miezi minne, paa la zahanati linavuja juu ya friji ya chanjo. Tungeshauri mengineyo yawekwe mwanzo. Na tuseme neno dogo juu ya makundi ya WhatsApp, ambamo siku hizi kazi nyingi hupangwa. Tangazo likiwekwa, wanafuata ishirini wakiandika "Amina" na "Sawa". Hiyo ni ile "ndiyo" yetu ya zamani, imepata umeme tu. Jambo lenye uzito lisiamuliwe humo.

Ule msafara wa mwaka 1873 ulifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mwili wa Livingstone, aliyekuwa Mprotestanti wa Uskoti, ulilazwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu usiku wa tarehe 24, na mnara wa kanisa lile la kale hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kesho yake mwili ulichukuliwa na meli ya kivita hadi Unguja. Watu walilipwa mshahara wao, wakaambiwa kazi imekwisha, wakatawanyika. Hakuna aliyewaita kwenye kikao. Ni Jacob Wainwright peke yake, yule mwandishi, aliyekwenda na mwili hadi Uingereza, naye alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza tarehe 18 Aprili katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walifika huko baada ya mazishi, kwa nauli ya James Young, rafiki wa marehemu. Huko waliketi na Mchungaji Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za Livingstone kwa ajili ya kuchapishwa, akawauliza siku baada ya siku nini kilitokea baada ya usiku ule wa Chitambo. Wao walisimulia, yeye akaandika. Sura za mwisho za kitabu kile, kilichotoka mwaka 1874, zimetokana na vinywa vyao. Asingewauliza, habari ya Unyanyembe na ya mabua ya mtama isingetufikia kwa namna hii.